Tumemaliza Red Dead Redemption 2 mimi na Mzee, sasa jioni hatujui tukae wapi

Mtoto wa Kambini (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwanza tahadhari. Kama gemu hili unalo na hujalimaliza, toka humu sasa hivi, maana nitataja nani anakufa na anakufa vipi. Limetoka Oktoba 2018, kwa hiyo asije mtu kunilaumu.

Tulimaliza Jumamosi, leo ni Alhamisi. PS4, mashine ya gemu, iko palepale chini ya TV, imefunikwa kitambaa cha Mama cha kufuma. Jana saa tatu usiku, habari zilipoisha, Mzee akabaki kwenye kiti chake. Akanitazama, nikamtazama. Akauliza kama mbwa nimemfunga. Mbwa wetu usiku huachiliwa, hajawahi kufungwa hata siku moja, na aliyeweka sheria hiyo ni yeye mwenyewe. Nikasema, "Ndiyo, Mzee." Akaenda kulala.

Sisi ni watu wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi hapa Uganda. Baba alikuwa jeshini, kastaafu, sasa ana shamba la mananasi upande wa Luweero. Yeye ni wa Arua, Mama ni wa Soroti, na lugha waliyokutana nayo katikati ni ya kambini, ndiyo tuliyokulia. Wa pwani mtusamehe: Kiswahili chetu hakina ngeli, kina amri.

Gemu nililinunua Kampala, mtumba, diski mbili, moja ya kupakia na nyingine ya kuchezea. Nilikuwa nacheza peke yangu. Mzee alikuwa akipita sebuleni na redio yake mkononi, anauliza, "Bado unaua wazungu?", anaendelea na safari zake. Kwake yeye PS na kamari ni ndugu wa tumbo moja.

Kilichomkalisha ni kikohozi.

Wanaolijua gemu wanakumbuka: unamwongoza Arthur Morgan, jambazi wa Marekani ya mwaka 1899, na mapema kabisa anatumwa kudai deni kwa mkulima mmoja maskini anayeitwa Downes. Anampiga. Yule bwana anamkoholea damu usoni. Ukiwa mchezaji unasahau, maana mbele kuna treni za kuiba. Basi usiku mmoja, misheni nyingi baadaye, Arthur akaanza kukohoa. Mzee alikuwa mlangoni. Akasimama. Akapunguza redio.

"Huyo ana TB."

Nikamwambia hapana Mzee, ni vumbi, wapo juu ya farasi siku nzima.

"Nakwambia huyo ana TB. Nani amemwambukiza?"

Gemu lenyewe lilikuwa halijasema. Lilikuja kusema siku nyingine, baada ya Arthur kurudi kutoka kisiwa kimoja, akaanguka barabarani Saint Denis, mji wa mle kwenye gemu, mpita njia akamsaidia mpaka kwa daktari. Lakini Mzee alishapima kwa masikio tu, akiwa amesimama mlangoni.

Alikuwa na haki ya kujua. Nilipokuwa mtoto yeye mwenyewe aliugua. Alikonda mpaka mkanda wake wa jeshi ukatobolewa matundu mapya matatu kwa msumari. Kituo cha afya wakampa dawa za miezi sita: miwili ya kwanza aina nne kwa pamoja, minne iliyobaki aina mbili. Vidonge vikubwa. Mkojo ukageuka rangi ya chungwa na akaniita nje nikaone, anacheka, "Njoo utazame, baba yako amekuwa Fanta." Walitaka awe na mtu wa kumsimamia akimeza kila siku. Mama alikuwa anaenda sokoni alfajiri, hivyo kazi ikaniangukia mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya shule, yeye anameza, mimi naweka alama kwenye kadi.

Sasa, Mzee hakuwa baba wa kukaa na watoto. Mnaotoka kambini mnanielewa. Lakini miezi hiyo sita alikaa. Uji, vidonge, alama, kisha dakika kumi za maneno: nani alikuwa mpishi mbaya kikosini, jinsi ya kulala umesimama, kwa nini usimwamini mtu anayepiga viatu rangi kupita kiasi. Siku ya mwisho akameza, nikaweka alama, akanipa mkono kama askari. "Kazi imekwisha." Kesho yake nilipoamka alikuwa keshaondoka.

Nilikuwa nimeomba kwa Mungu miezi sita apone, akapona. Nami nikakaa na uji wangu nikalia, na sikuweza kumweleza mtu nalia nini.

Nirudi kwenye gemu. Daktari wa Saint Denis anamwambia Arthur aende mahali penye joto na pakavu, apumzike. Mzee akawaka. "Dawa hampi?" Nikaeleza, ni 1899, dawa hazijapatikana. "Huyo ni daktari au ni mtu wa hali ya hewa?"

Tangu usiku ule hakukosa. Padi hakuishika hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kutoa amri. Mwache huyo. Rudisha hizo hela. Msalimie yule mama. Mimi nilikuwa nimemlea Arthur kama mhuni, naibia hadi maiti. Chini ya uongozi wa Mzee tukawa tunapita katikati ya mji wa Valentine tunasalimia kila mtu kama mgombea udiwani. Heshima yake, ambayo gemu huihesabu, ikapanda yenyewe, na ndiyo maana tulipata ule mwisho wa mlimani, jua linachomoza.

Nilipoona misheni za mwisho zinakaribia nikaanza ujanja. Nikawa napeleka farasi mtoni, navua samaki usiku mzima. Usiku wa tatu Mzee akasema, "Leo tena samaki?" Nikajua nimeshikwa. Usiku wa nne, kabla sijabonyeza kitu, akasema yeye: "Twende kwa samaki kwanza." Tulivua kama wiki mbili, banange. Tungekuwa na duka la samaki Gaba.

Kisha ikafika. Kwenye risasi Mzee hakutikisika, hizo anazijua. Farasi alipoanguka na Arthur akapiga magoti kumshukuru, Mzee akainuka akatoka nje, akarudi baada ya muda na kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Na Arthur alipokata roho Mzee alisema jambo moja: "Angesubiri miaka hamsini tu."

Baada ya hapo linakuja fungu la mwaka 1907 la John Marston. Mzee hakumkubali ("huyu ni nani sasa, mwambie arudi kwao") mpaka John alipoanza kujenga nyumba, ujenzi anauheshimu. Lakini alichotaka ni kaburi. Tulilitafuta, tukalipata huko juu, lina maua. Akavaa miwani, akasogelea kioo karibu kukigusa, akasoma Kiingereza cha pale msalabani polepole, kisha akakimalizia kwa Kiswahili cha Biblia: "Heri wenye njaa na kiu ya haki, maana hao watashibishwa." Akavua miwani.

Ilituchukua miezi minne na nusu. Ingekuwa sita ingenoga zaidi, lakini ni minne na nusu.

Swali langu kwenu: mkimaliza kitu kama hiki mnafanyaje? Tafadhali msiniambie ninunue gemu jingine. Nilijaribu kuweka la mpira Jumapili. Mzee alitazama dakika mbili akauliza huyu namba tisa anaumwa nini. Haumwi kitu, nikasema. Akaondoka.

---

Sina Muda

Mkuu, mtu mzima unaomboleza katuni. Mananasi yanakungoja shambani.

---

Mtoto wa Kambini

Nanasi ukilipanda leo unalila baada ya mwaka na zaidi. Linajua kungoja kuliko wewe.

---

Kibanda cha Nateete

Mleta uzi, umenigusa mahali.

Mimi ni mtoto wa vibanda vya video. Wasiojua Kampala: chumba cha mabati, mapazia meusi, mabenchi, TV moja ya mgongo mkubwa, na VJ ameshika maiki anatafsiri sinema kwa Luganda papo hapo, anaongeza na ya kwake. Mzungu akinyamaza, VJ hanyamazi. Hata filamu za Wakaliwood za kwetu wenyewe hutoka zikiwa na sauti ya VJ juu yake, kwa sababu bila sauti ile kwetu inakuwa kama chai isiyo na sukari.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa au kumi, jenereta lilizimika dakika za mwishomwisho. Mafuta yameisha, mwenye kibanda amejificha, watu wanadai hela zao. VJ akasema kaeni. Akatusimulia mwisho gizani, kwa mdomo, na milio yote ya bunduki. Shujaa alivuka mto, akamkuta mama yake hai, wakarudi kijijini, wakachinja mbuzi. Tukapiga makofi tukaenda nyumbani.

Mwaka juzi nikaikuta sinema ile kwenye simu. Nikaitazama peke yangu, kimya, kitandani. Shujaa hafiki hata mtoni. Anapigwa risasi, anakufa, maandishi yanapanda. Hakuna mama, hakuna mbuzi.

Nilikaa na simu mkononi nikajisikia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba wa jirani wa zamani. Ninachokikosa si ile sinema. Ni yule jamaa gizani, ambaye hata jina sikulijua, aliyeona watoto wamelipa na akaamua hawataondoka na maiti.

---

Sista wa Zamu

Habari zenu. Nafanya kazi wodini, nimesoma huu uzi wakati wa mapumziko, chai yangu imepoa.

Mzee hakukosea sana. Vijidudu vya TB Robert Koch alivitangaza tarehe 24 Machi 1882, ndiyo maana tarehe hiyo tunaadhimisha Siku ya TB Duniani. Kwa hiyo daktari wa 1899 alijua kabisa ni nini kinamla mgonjwa wake, hakuwa na cha kumpa tu. Nadhani hilo ni baya kuliko kutojua. Dawa ya kwanza iliyoua wale wadudu kweli, streptomycin, iligunduliwa 1943. Miaka arobaini na minne, siyo hamsini. Na hata hapo ikitumika peke yake wadudu walikuwa wanaizoea. Mchanganyiko wa miezi sita aliomeza Mzee ulikuja miaka mingi zaidi baadaye.

Nikiwa hapa: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda kapimwe. Vituo vya serikali ni bure, vipimo na dawa. Sina utani.

Sasa la kwako, mdogo wangu. Ule uji uliolia peke yako, mimi nauona upande wa pili. Mgonjwa akimaliza dozi tunafurahi, tunafunga faili. Lakini kuna wanaorudi. Hawaumwi. Anakuja siku ileile aliyokuwa akichukulia dawa, anakaa benchi lilelile, anasema alikuwa anapita tu. Kuna mama aliyekuwa akituletea mayai matatu kila Jumanne, karibu mwaka mzima. Tulimwambia Mama, umepona, si lazima. Akasema najua nimepona.

---

Mwalimu wa Mbale

Nafundisha Kiswahili sekondari, wanafunzi wengi wanakiona kigeni, basi huwa naanza na hadithi. Wanafurahia "hadithi njoo", lakini mimi napenda zaidi tamati ya wazee: "Hadithi yangu imeishia hapo, ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu." Ona walivyokuwa werevu. Msimulizi anabeba lawama, msikilizaji anapewa kipande chake, kila mtu anakwenda kulala hana deni.

Ila nikubali, hadithi ya bibi haikuzidi usiku mmoja. Hizi za leo unaishi nazo miezi. Sidhani "imeishia hapo" inatosha kwa mtu uliyevua naye samaki wiki mbili.

---

Binti wa Arua (kyeyo, kibarua cha ughaibuni)

Nipo Dubai mwaka wa pili. Mimi na Mama tunatazama tamthilia moja ya Kimeksiko, yeye Arua kwa TV, mimi huku kwa simu, kisha ananipigia kutukana yule mama mkwe mbaya. Imebaki sehemu moja ya mwisho. Mwezi wa pili huu hatujaitazama. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye amekosa muda.

---

Kete 64

Vijana, mimi ni mtu wa omweso. Ubao wa mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne. Nilidhani mchezo wetu hauna maradhi haya, kwani ukiisha unapanga kete unaanza upya. Nimecheza na rafiki mmoja hapa Jinja miaka ishirini na sita. Alifariki Machi. Kete zipo kwenye kopo la maziwa. Wajukuu wanazitaka wachezee, nawaambia ngojeni.

Huyo askari mwambieni nimemsalimia.

---

Sina Muda

Nimesoma yote. Nafuta maneno yangu ya juu. Kwani hilo gemu ni bei gani?

---

Mtoto wa Kambini

Nawashukuru wote. Mzee Kete, salamu zimefika, amesema "mwambie azikague, kete za mti zinaliwa na wadudu." Sista, nimempa ile hesabu yako. Amekaa kimya kidogo akasema arobaini na minne bado ni mingi.

Narudi na habari. Juzi Jumapili, saa tatu, habari zimeisha. Nikajua atauliza tena mbwa. Akauliza, "Ile ya mwanzo bado ipo?"

Nikasema ya mwanzo ipi.

"Mwanzo. Kabla hajaumwa."

Nikamwambia tunaweza kuanza upya, Mzee, lakini utakuwa unajua kila kitu.

"Ndiyo maana." Akavuta kiti. "Safari hii tusiende kwa yule mwenye deni. Mwache na deni lake. Hela zipo nyingi, tutaiba treni."

Wakuu, mnaolijua gemu hili mnajua. Ile misheni ya Downes huwezi kuiruka. Usipokwenda kwake hadithi haisogei, na ukienda, kumpiga si wewe unayeamua. Mimi najua. Yeye hajui, anadhani ni suala la amri, na kwamba mara ya kwanza nilikosea kwa sababu yeye hakuwepo.

Sijamwambia. Gemu linaanzia milimani, kwenye theluji, kundi zima limekimbia polisi, na hapo panachukua saa kadhaa mtu asipokuwa na haraka. Mzee ameleta blanketi la chumbani, kajifunika miguu, anasema hiyo baridi inaonekana. Mama katuletea chai, katazama, kauliza si huyu mlimzika?

Jana tulikuwa bado kwenye theluji.